Bosi Arudishwe wa Mwisho

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hapa kwetu si pabaya. Baba anakohoa kidogo lakini ni vumbi la kiwanda cha mbao, mimi sijambo, na pampu iliyosimama Jumanne inapumua tena baada ya kuisugua kwa mswaki kama ulivyonifundisha. Natumaini mguu wako umepona, na wageni wa hoteli wameacha kugongagonga kioo cha tangi lako.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu najibu "mm" na "eeh" mpaka unadhani laini imekatika. Kwenye karatasi hakuna anayeningoja nimalize.

Mke wa baba amehamia sasa, tangu mwisho wa Januari, na binti yake wa miaka kumi na miwili. Harusini hukuja kwa hiyo hujawaona. Mama mtu ni mpole, anafanya kazi maabara ya hospitali, akirudi ananuka sabuni kali. Amehamisha kochi ulilokuwa ukilalia, halipo tena dirishani, liko ukutani karibu na mlango. Sikusema kitu. Binti amewekwa chumbani kwangu. Kitanda chake kimewekwa palipokuwa na kabati la marehemu mama, na kabati limepelekwa koridoni. Nilisema meza isiguswe. Ile meza ya chuma ambayo mama alikuwa akichorea ramani za nyumba ndiyo iliyobeba tangi, na baba mwenyewe alikubali kwamba ukilihamisha tangi lenye lita tisini za maji ya chumvi unaomba msiba.

Huyo binti namwita Redio. Si usoni kwake, moyoni tu. Anaongea tangu anapofumbua macho, anaongea hata na soksi zake. Siku ya kwanza alikaa mbele ya tangi akaniuliza kama samaki wakilala wanafumba macho. Nikamjibu hawana kope. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima, kwa upande wangu.

Baba amesema mwisho wa muhula, mwezi wa nne, tutaona. Kama chumba hakitutoshi wawili, Redio atapelekwa kwa bibi yake akasome huko. Nitakwambia kweli mjomba, kwenye kalenda nimeshazihesabu wiki.

Sasa swali. Redio ana siku ya kuzaliwa mwezi huu na baba amemwahidi samaki mmoja awe wake, ndani ya tangi letu. Tafadhali niandikie kwamba tangi limejaa.

Ni mimi mpwa wako,
Kimya


17 Februari

Kimya,

Marahaba. Mguu umepona, namshukuru Mungu, ila ngazi za hoteli bado zinanisimanga. Wageni hawajaacha kugonga kioo. Juzi mmoja alimgongea yule kamba mkubwa mpaka kamba akampa mgongo, nami nikamwelewa kamba.

Siwezi kukuandikia uongo. Tangi halijajaa. Una samaki wawili tu, Bosi na Chungwa, na lita tisini zinabeba watatu wadogo, hata wanne kama unasafisha bila uvivu. Lakini hawachaguliwi kwa uzuri, kama watu wanavyofanya dukani. Tazama kwanza atakuwa mkubwa kiasi gani akikomaa. Yule bapa wa buluu anayependwa na watoto anauzwa akiwa kama sarafu, baadaye anakuwa kama sahani, huyo msimguse. Kisha tazama anakaa wapi, chini kwenye mchanga, katikati, au kwenye matundu ya mawe. Wawili wanaotaka tundu moja hawatakaa kwa amani. Halafu tabia. Na hapo ndipo penye kazi, maana Bosi unamjua.

Kile kitabu nilichokuachia kina jedwali nyuma, kila samaki na mstari wake. Kiko kwa lugha ya shule yako, na huyo mtoto nadhani hakusoma kwa lugha hiyo. Basi soma naye. Wewe mtafsirie, yeye achague.

Msalimie baba yako. Msalimie Bosi, msalimie Chungwa, na konokono wote watatu.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, baba kikohozi kimeisha. Nakutakia nawe uzima na ngazi zenye huruma.

Samaki alinunuliwa. Redio alimchagua mwenyewe, mwembamba kama penseli, mweupe mbele na mwekundu nyuma, na uzi mrefu mgongoni aliokuwa akiupandisha na kuushusha. Akamwita Mshumaa. Mwenye duka alimtia kwenye mfuko, tukauacha mfuko uelee juu ya maji nusu saa, kila kitu kama ulivyofundisha.

Amekufa. Alikaa siku tisa. Siku nyingi alijificha nyuma ya hita na mkia wake ulikuwa umebaki nyuzi. Alhamisi asubuhi Redio alimkuta sakafuni, nyuma ya meza, amekauka. Aliruka. Kitabu kinasema aina hiyo huruka. Redio ndiye aliyelisha mara ya mwisho na hakurudisha mfuniko vizuri, kwa hiyo ndivyo ilivyotokea.

Chumvi iko sawa, joto liko sawa. Bosi na Chungwa hawajambo.

Redio haongei siku hizi. Chumba kimya kabisa, kama nilivyokuwa nikitaka.

Mpwa wako,
Kimya


10 Machi

Kimya,

Marahaba. Pole, na mpe pole mwenye samaki.

Nimeisoma barua yako mara mbili wakati maji ya tangi la ukumbini yanajaa, na kuna jambo halikai. Aina ile huruka, ni kweli. Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na nimeacha mifuniko wazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya meneja. Samaki aliyetulia hatoki majini kwa kuwa juu pako wazi. Hutoka kwa sababu kuna anayemkimbiza. Na mkia hauwi nyuzi kwa mfuniko.

Huyo alikuwa Bosi. Na Bosi ni kosa langu, acha nikuambie namna lilivyotokea. Tangi lilipokuwa jipya maji yake hayakuwa yamekomaa, hayakuwa na vijidudu vya kula uchafu, samaki yeyote mpole angekufa. Nikamtia Bosi kwanza kwa kuwa aina yake haifi ovyo. Ndivyo tulivyozoea mafundi wa zamani, anatiwa samaki sugu ayakomaze maji. Akakaa miezi miwili peke yake. Ukimpa samaki kama yule miezi miwili peke yake, kila jiwe analijua, na kila anayekuja baadaye kwake ni mwizi. Chungwa alinusurika kwa kuwa ni mkaidi. Ningemtia Bosi wa mwisho, leo angekuwa samaki mwingine.

Dawa ipo, ingawa siwezi kukuahidi. Mtoe Bosi, mweke ndooni na pampu ndogo na hita, umbadilishie maji kila siku. Kisha toa mawe yote tangini uyapange upya, lisirudi hata moja pale lilipokuwa. Tia mgeni. Mpe mgeni siku kumi azoee. Halafu Bosi arudishwe wa mwisho. Akiingia hataona nyumba yake, itabidi aanze kutafuta tundu kama wenzake. Akizidi ukorofi, mrudishe dukani.

Hayo ni ya samaki. Sasa jambo moja nje ya samaki. Mstari wa Mshumaa kwenye jedwali naukumbuka, niliwahi kuupigia mstari wa penseli kwa mkono wangu. Sikuulizi nani alimwua. Nakuuliza, mlipokuwa mnasoma, ulimtafsiria nini?

Msalimie baba yako, na Bosi, na Chungwa, na konokono.

Mjomba wako


30 Machi

Kimya,

Hujambo? Wiki ya tatu hii sijapata barua. Nilimpigia baba yako, akasema uko mzima, unakula, unakwenda shule. Akasema pia yule mtoto amefunga begi, ameomba mwenyewe kupelekwa kwa bibi yake muhula ukiisha, kwa sababu eti yeye anaua vitu.

Sina la kuongeza. Nasubiri.

Salamu kwa baba yako na kwa walio majini.

Mjomba wako


24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kukawia. Baba hajambo, mama wa Redio alikuwa na mafua yamepita, mimi nimepona kitu ambacho hakina jina. Natumaini wewe ni mzima.

Nitakujibu swali lako kwanza, halafu ndiyo nieleze mengine, nikianza na mengine nitalikwepa.

Siku ile tulikaa kitandani kwake, kitabu kikiwa magotini kwangu. Redio akaweka kidole juu ya picha ya Mshumaa akauliza, "Kinasemaje?" Kilisema hivi: samaki mpole sana, mwoga, asiwekwe kamwe pamoja na jamii ya Bosi. Penseli yako ilikuwa chini yake. Mimi nikasema, "Kinasema ni mpole sana, anaelewana na wote." Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Nimeishi na hiyo nusu mwezi mzima, nikijitetea nayo.

Sikutaka samaki afe. Nilitaka mambo yake yaharibike kidogo tu, baba aone kwamba pale hapamfai. Kisha Bosi akaanza kumkimbiza, na kila nikirudi shule nilikuta mkia umepungua, na nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kitu ninachokiweza kuliko vyote. Hata jina langu ni hilo. Alipomkuta sakafuni akaanza kusema mfuniko, mfuniko, nikamwacha aseme.

Barua yako ya tarehe kumi Machi ilinikuta nikila. Niliificha ndani ya daftari la hesabu. Kila siku nilisema leo. Nilipanga kusema mezani mbele ya wote, nikafungua mdomo, baba akaniuliza kama nataka chumvi, nikasema ndiyo. Nilipanga kumwandikia barua Redio, lakini mtu analala hatua mbili kutoka kwako, utampa barua vipi?

Barua yako ya pili ilipofika na habari ya "anaua vitu," niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, ingawa zilibaki wiki tatu. Alikuwa ameshakunja mpaka shuka la akiba.

Basi Jumamosi mchana nilichukua kitabu nikaenda kuketi kwenye kitanda chake. Nikafungua ukurasa ule. Nikaanza kusoma mstari kwa lugha ya shule, kisha nikautafsiri sawasawa, neno kwa neno, mpaka mwisho. Alinitazama. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na mfuniko?"

"Mfuniko haukumwua. Bosi alimkimbiza. Mimi ndiye niliyemtia na Bosi."

Hakunipiga, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwangu. Alichukua kitabu mikononi mwangu, akaenda nacho sebuleni, akaketi kwenye kochi lako. Nikamsikia anamwambia mama yake maneno machache. Mama yake alikuja mpaka mlangoni kwangu. Akaniambia chakula kitakuwa tayari saa moja. Hakuniambia kingine mpaka leo, na sijui kama hiyo ni huruma au ni adhabu. Baba alijua siku hiyo hiyo. Aliniambia anatamani mama angekuwepo aniseme, kwa kuwa yeye hajui aanzie wapi. Hilo ndilo lililoniliza.

Redio alikaa siku mbili bila kunisemesha. Jumatatu tulipotoka shule akauliza, akitazama tangi na si mimi, "Huyo Bosi anatolewaje?"

Nikaitoa barua yako kwenye daftari la hesabu. Nikawa namsomea maagizo, yeye anafanya. Kumkamata Bosi kulichukua saa nzima. Mjomba, yule samaki ana akili kuliko mwalimu wa zamu. Tulimfuata kwa nyavu mbili, akapita katikati kama anatupimia urefu. Hatimaye Redio akasema tuyatoe mawe kwanza, bila mawe atajificha wapi. Sikuwahi kuliwaza. Tukayatoa yote kwenye beseni, tukamkamata ameduwaa kwenye kona, tukamtia ndooni. Baba alichungulia akakuta maji mpaka koridoni, akaondoka bila kuuliza, akarudi na matambara.

Mawe aliyapanga Redio. Mimi nilikuwa nikimwambia tu litakaloporomoka. Ametengeneza pango kubwa kushoto na matundu madogo upande wa kulia. Si kama ulivyoyapanga wewe, na mwanzo yalinikera. Sasa nimezoea.

Mgeni mpya alimchagua yeye tena. Safari hii hakunitaka nitafsiri. Aliazima kamusi shuleni kwake akausoma mstari mwenyewe, neno moja moja, alasiri nzima, akiandika pembeni kwa penseli. Sikumlaumu. Alipokwama neno moja aliniuliza, kisha akalitafuta kwenye kamusi kuhakikisha. Amechagua yule mdogo wa rangi ya mchanga anayeishi chini, anayechota mchanga kwa mdomo na kuutema. Kazi yake inamtosha, hagombani na mtu. Anaitwa Sepetu.

Jana zilitimia siku kumi, tukamrudisha Bosi. Tulikuwa watu wanne mbele ya kioo, hata mama wa Redio, amevaa koti lake la maabara. Bosi alienda moja kwa moja pale lilipokuwapo jiwe lake. Halipo. Akazunguka. Akamwendea Sepetu kwa kasi, Sepetu akaingia mchangani akabaki macho tu. Bosi akageuka, akaingia tundu la kulia, akatoka, akaingia la pili. Mpaka tunakwenda shule leo yumo kwenye hilo tundu la pili, na mkia wa Sepetu ni mzima. Najua ni siku moja tu. Redio alikaa akimtazama muda mrefu. Kisha akalivuta begi lake, akatoa soksi. Soksi tu. Mengine bado yamo.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko nilivyodhani. Nilipokuwa namsomea barua yako ya maagizo nilifika mpaka chini, kwenye salamu, nikasoma tu kwa kuwa nilikuwa nasoma. Redio alikuwa ameshika jiwe mkononi. Akasema, "Mjomba wako anasalimia mpaka konokono. Sisi hatumo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Nikazitoa barua zako zote tangu harusi. Ni kweli, mjomba. Hawamo hata mahali pamoja. Na mimi nilizisoma zote sikuona, labda kwa kuwa nilipenda ziwe hivyo.

Sikulaumu. Mimi nina Mshumaa, siwezi kumlaumu mtu. Nimeona tu ujue kwamba alisikia.

Mpwa wako,
Kimya

Nimempa aongeze mstari, ameng'ang'ania:

Shikamoo. Mimi ndiye Redio, jina nimeambiwa nikacheka. Sijui nikuite nani kwa hiyo nimeanza bila. Samaki wakilala wanafumba macho? Kimya alisema hawana kope ila siku hizi namhakiki.


28 Aprili

Wapwa zangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima. Barua yenu niliisomea kwenye chumba cha mashine, nikasahau bomba wazi, zulia la ukumbini likalowa. Meneja amenisema, na alikuwa na haki.

Redio, nianze na lako. Hawana kope, hapo alisema kweli. Wakilala wanapauka rangi na kusimama palepale. Mtazame Sepetu jioni kabla hamjazima taa, utaona.

Kimya, ulilolifanya ni baya na umelisema. Sitaliongezea uzito, unalijua uzito wake kuliko mimi.

Sasa langu. Sikusahau. Kila barua nilipofika penye salamu niliandika baba yako, kisha kalamu ikasimama. Sikujua huyo aliyeko jikoni nimwite nani. Katika nyumba ile niliyekuwa nikimwita dada ni mmoja, na alikuwa ameshikilia penseli kwenye ile meza. Niliona nikilitoa hilo neno nimpe mwingine nitakuwa nimelifuta. Kwa hiyo nikaruka nikaenda kwa konokono, ambao hawadai kuitwa chochote.

Na harusini niliandika kwamba kazi imenibana. Hoteli ilikuwa tupu wiki ile. Nilishinda chumbani nikisugua kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Bosi msimwamini mapema. Mpeni mwezi. Akianza tena, hamisheni jiwe moja au mawili, msimwache akariri. Wa nne msimtie mwaka huu. Mfuniko ufungeni hata hivyo.

Likizo yangu inaanza tarehe sita Juni, nitakuja. Nitalala kwenye kochi, huko huko ukutani lilikowekwa, msilirudishe dirishani kwa ajili yangu. Redio, kama bado ni soksi tu zilizotoka begini, nitakapofika nitaomba unionyeshe namna ulivyopanga lile pango la kushoto, kwa hiyo itabidi uwepo.

Msalimieni baba yenu. Msalimieni dada, mwambieni pole ya mafua. Msalimieni Chungwa, na Sepetu, na Bosi huko tunduni, na konokono kama bado wapo watatu.

Mjomba wenu